Mashine ya Siku Mbaya

Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo nchi nzima ilikuwa ikimkumbuka Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mashine hazikuzimika. Kesho yake ziliwaka kama kawaida, barua zikaandikwa, hesabu zikajumlishwa. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikishushwa kila mwezi bila malipo, na mtu wa nyumbani anayetaka kuendelea kuvipata amepewa muda wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026, ilimradi ajiandikishe. Baada ya hapo njia ni Windows 11, nayo ina masharti yake: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka, kwa jumla, kizazi cha nane na kuendelea. Mashine nyingi tunazotumia huku mlimani Kilimanjaro ziliingia nchini zikiwa zimeshatumika Ulaya au zimepitia Dubai, na nyingi ni za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Hazikidhi.

Tangu wakati huo watu wananijia nyumbani Uru na swali moja. Amekuja mwalimu wa sekondari, amekuja karani wa chama cha ushirika, na mwisho akaja mtoto wa kaka yangu, aliyeacha ajira Arusha ili afungue ushauri wa kodi na mahesabu hapa hapa nyumbani, kwenye kihamba cha baba yake. Alikaa akanywa chai, akasalimiana na bibi yake, kisha akaniuliza: "Shangazi, ninunue ipi?"

Sikumtajia jina la mashine. Nilianza kumsimulia, kwa kuwa ninaamini kompyuta mpakato ya mtu anayefanyia kazi nyumbani hujulikana thamani yake siku mbaya: siku ambayo umeme umekatika tangu alfajiri, mtandao umelala, mvua ya masika inapiga bati hadi husikii simu, na mteja anataka ripoti kabla ya saa kumi. Siku njema kila mashine ni nzuri.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi enzi ambazo kahawa ya Uru yote ilikwenda KNCU, muungano wa vyama ulioanzishwa mwaka 1933 kuchukua nafasi ya kile chama cha wakulima wazawa cha mwaka 1925. Kazi yake aliifanya kwa leja, kalamu na taipureta moja ya chama iliyokuwa ikifunikwa kitambaa kila jioni. Yeye ndiye aliyenisimulia kwa mara ya kwanza kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuzihamishia hesabu za serikali kwenye mashine kuvurugika na kula fedha nyingi. Marufuku hiyo ilikaa miaka. Vijana wakiisikia leo hucheka, lakini baba hakucheka. Alisema mashine ile ilifika kabla ya watu wa kuiendesha, na kabla kazi yenyewe haijapangwa ikaeleweka.

Leja zake bado ninazo, zimo kwenye sanduku la bati chumbani kwa mama. Wino umefifia ila kila jina linasomeka: nani alileta kilo ngapi, alilipwa malipo ya kwanza kiasi gani, alibaki akidai nini. Ninapomshauri mtu kuhusu kompyuta huwa ninaanzia kwenye sanduku lile. Mashine itakufa, hilo halina mjadala. Kumbukumbu za mteja hazina ruhusa ya kufa nayo. Kwa hiyo kabla hujauliza prosesa, tenga fedha ya diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na nakala hiyo ilale mahali pengine, isilale mezani karibu na mashine. Mwizi akiingia atabeba vyote viwili, na radi ikipiga itaunguza vyote viwili.

Mwaka 2006 nilikuwa nimeajiriwa mjini Moshi, kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikivifanyia vyama vya ushirika mahesabu. Tulikuwa na kompyuta za mezani, zile zenye kioo cha kichogo, nasi tulijiona tumefika. Kisha ukaja ukame ule ambao wengi wanaukumbuka. Mabwawa yalikauka, Mtera ikashuka, na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Ofisi yetu ilipata umeme usiku zaidi ya mchana. Tulikuwa na UPS chini ya meza, ikipiga kelele kwa dakika chache tu, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Jenereta ilinunuliwa, lakini petroli ilikula faida ya mwezi, na kelele yake iliwafanya wazee waliokuja kuuliza habari za vyama vyao wazungumze kwa ishara.

Wakati huo huo alikuja mkaguzi mmoja wa vitabu na kompyuta mpakato nzee, nene, imechubuka pembeni. Akaketi nje kwenye benchi chini ya mti na kufanya kazi hadi mchana. Sisi tulikuwa na mashine zenye nguvu kuliko yake, tukawa tumekaa tunamwangalia. Nilielewa siku ile kwamba kwa nchi yenye umeme kama wetu, betri ni kiungo cha kwanza cha kompyuta, si nyongeza. Mgao ukarudi mwaka 2011, na mwishoni mwa 2022 tukauona tena. Siku hizi, tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ilipoanza kuzalisha mwaka 2024, hali ni nafuu, na ninashukuru. Hata hivyo huku kwetu nyaya zinapita katikati ya migomba, migrevilea na miparachichi. Upepo ukivuma, tawi likiangukia waya, kijiji kizima kinangoja gari la mafundi lipande kutoka mjini.

Nilirudi Uru mama alipopatwa na kiharusi. Sikuwa na mpango mwingine, ilibidi niwe karibu naye, na kazi ikabidi inifuate. Chumba nilichogeuza ofisi kilikuwa cha kuhifadhia kahawa iliyokaushwa, na kinapakana na jiko la kuni. Huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo hakuna tangazo la kompyuta linayasema. Moshi wa kuni huingia kwenye feni ya mashine na kuganda na vumbi kama lami. Mwezi Juni na Julai ukungu hushuka, ubaridi hukaa ndani, na chochote cha chuma hushika unyevu. Mashine inayopumulia upande wa chini, ukiiweka kitandani au kwenye kitambaa cha meza, huchemka. Niliisogeza meza hadi kwenye dirisha la upande wa mfongo, ule mfereji wa maji, mbali na jiko, na kila baada ya miezi michache fundi huifungua na kuipuliza. Kuna mashine zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air zilizotoka kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 na chipu ya M1, na kwa nyumba yenye moshi hilo si jambo dogo. Betri yake pia inakaa. Kinachonizuia kumshauri kila mtu aichukue ni habari ya fundi, ambayo nimeijua kupitia mteja wangu mmoja.

Mteja huyo ni mama mwenye biashara ya kupokea watalii wanaokuja kuona maporomoko ya Materuni na kuonja kahawa. Alinunua laptopu nyembamba, nzuri ajabu, aliyoletewa na ndugu kutoka nje ya nchi. Mwaka mmoja tu, chai ikamwagikia kibodi. Fundi wetu wa mjini, kijana mwenye mikono mizuri kuliko wengi niliowaona, aliifungua, akaitazama, akaifunga. Kibodi ilikuwa imeshikamana na bamba la juu lote, RAM imechomelewa kwenye ubao mama, na hata diski haikuweza kutolewa ili kuokoa kazi. Kipuri kilibidi kiagizwe Nairobi. "Mama, hii ya kwako ni nzuri," alimwambia, "ila imetengenezwa isifunguliwe." Alikaa wiki kadhaa bila mashine wakati wa msimu wa wageni, na bili za wageni zikaandikwa kwenye daftari.

Fundi huyo huyo, siku nyingine, alinibadilishia mimi kibodi nikiwa nimeketi ninangoja. Yangu ilikuwa ile jamii ya mashine zinazotengenezwa kwa ajili ya maofisi: ThinkPad, Latitude, EliteBook na ndugu zake. Hazipendezi machoni. Lakini makampuni ya Ulaya na Marekani huzinunua kwa maelfu, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa mkupuo, na ndiyo sababu maduka yetu yamejaa nazo, pamoja na betri zake, chaji zake, bawaba na vioo vyake. Wingi huo ni akiba. Kipuri kikiwa Kariakoo leo, kesho jioni kiko stendi ya Moshi kwenye basi. Mama yangu, ambaye hajawahi kuigusa kompyuta, aliposikia kisa cha yule mama wa Materuni alisema hata ng'ombe wa maziwa hachaguliwi kwa ukubwa wa kiwele. Unauliza kwanza kama majani yake yanapatikana hapa. Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo.

Sasa habari ya kazi yenyewe. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa Excel na barua, na kwa hizo RAM ya GB 8 ilitosha. Ikaja sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji wa misitu. Kahawa imo kati ya bidhaa saba zilizotajwa. Sheria inataka kahawa inayoingia Ulaya ijulikane imelimwa wapi hasa, kwa alama za ramani, na kwamba ardhi hiyo haikuwa msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi walianza kuuliza mapema, na vyama vikaanza kuhangaika. Kwa shamba lisilozidi hekta nne, nukta moja tu ya ramani inatosha, na vihamba vyetu ni vidogo, vimegawanywa baba kwa mwana hadi vingine havifiki hata ekari. Ila nukta ni nyingi mno! Kila mkulima ana yake, na wengine wana kihamba huku juu na kipande kingine kule chini.

Nilipita na vijana wa chama nyumba kwa nyumba, tukichukua nukta kwa simu, kisha jioni nikizipanga kwenye QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa. Nilipoweka picha za setilaiti chini ya nukta hizo, mashine ya GB 8 ilianza kuvuta pumzi. Kila nilipoikuza ramani ilisimama, na nikawa nakwenda kumgeuza mama kitandani, narudi, bado imesimama. Niliongeza RAM hadi GB 16 kwa fedha isiyofika hata robo ya bei ya mashine mpya, kwa sababu ilikuwa na nafasi ya kuongezea. Kazi ile ile ikaenda. Tangu hapo mtu akiniuliza anunue ipi, mimi humuuliza ataifanyia nini miaka mitatu ijayo, si leo. Mwanasheria na mhasibu wanaweza kuishi na GB 8 kwa muda. Anayegusa ramani, michoro ya majengo au video aanzie GB 16. Na wote waikimbie mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka. SSD hata ya ukubwa wa wastani huifanya kompyuta ya miaka sita ionekane kijana, tena haiumii ukiwa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya kupandia kwetu.

Mei 2024 ilikuja na funzo jingine. Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za mtandao zinazopita chini ya bahari ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Hapa Tanzania mtandao ulizorota kwa siku kadhaa. Mshauri mwenzangu mmoja, mtu makini, kazi zake zote zilikuwa zimewekwa mtandaoni, kwa kuwa mashine yake ilikuwa na nafasi ndogo mno ya kuhifadhia na ilitengenezwa kwa mtu asiyepungukiwa na bando. Alikuwa na kompyuta nzima, betri imejaa, na hana hata faili moja la kufungua. Mimi niliendelea na kazi kwa sababu faili zangu zilikuwa ndani ya mashine, na programu zangu haziulizi mtandao ili zifunguke. Ripoti niliiweka kwenye flashi, nikampa kijana wa bodaboda aipeleke kwa mteja mjini, naye akanipigia simu kwamba imefika. Zabuni za serikali hazina njia hiyo, maana siku hizi huwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa NeST pekee. Kwa hizo niliamka usiku wa manane watumiaji walipopungua, nikapakia nyaraka moja moja hadi zikaisha. Anayefanyia kazi mlimani asinunue mashine yenye hifadhi chini ya GB 256, na akiweza afike 512.

Baada ya masimulizi hayo nilikwenda mjini na mtoto wa kaka yangu. Alikuwa na laki nane, na madukani hakukosekana mashine mpya ya bei hiyo, inang'aa, ina karatasi bado kwenye kioo. Tuliiangalia. Prosesa ilikuwa ya daraja la chini kabisa, RAM GB 4 iliyochomelewa, na plastiki ilibonyea ukiigusa kibodi katikati. Muuzaji alisisitiza kwamba mpya ni mpya. Nikamwambia kijana wangu kwamba upya huo utaisha siku chache tu, na yeye atabaki na GB 4.

Tukaingia duka la mashine zilizotumika. Hapo ndipo panapohitaji subira, na ninapenda watu wajue namna ya kukaa mbele ya mashine bila aibu. Soma jina la prosesa kwenye mashine yenyewe, usisome kibandiko. Kwa Intel i5-8350U, ile nane ya mwanzo baada ya mstari ndiyo kizazi. Izime kisha uiwashe ukiwa umechomoa chaji. Uliza kama betri imebadilishwa, halafu usitegemee jibu: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, nayo itakuandikia ukurasa unaoonyesha betri ilitengenezwa ikiwa na uwezo kiasi gani na leo inashika kiasi gani. Tulipima tatu. Moja ilikuwa imebaki na chini ya nusu. Ingia kwenye mipangilio ya chini kabisa, ile inayotokea kabla ya Windows, uone kama imefungwa kwa nywila ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki, kwani mashine kama hizo zipo na siku diski ikiharibika utakwama mlangoni. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Fungua na kufunga kioo mara nyingi ukisikiliza bawaba. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Muuzaji mzuri hakasiriki. Aliyetuuzia alituletea viti.

Jambo moja nilimwachia kijana aamue mwenyewe, naye aliliamua vizuri kuliko ambavyo ningemshauri. Kati ya mbili zilizobaki, moja ilikuwa na kasi kidogo zaidi, nyingine ilikuwa inachajiwa kwa tundu la USB-C. Alichukua ya pili. Alisema chaji ya aina hiyo ataikopa popote, na pauabanki kubwa yenye wati 65 itampa saa kadhaa zaidi siku umeme ukikatika, na hata betri ya sola aliyoweka baba yake itaweza kuichaji kwa kifaa cha gari. Mimi nilikuwa bado ninafikiria UPS chini ya meza.

Akadai risiti ya EFD, na hapo mhasibu aliyemo ndani yake akazungumza. Alimweleza muuzaji, bila ukali, kwamba kompyuta ziko daraja la kwanza la uchakavu katika sheria ya kodi ya mapato, asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka, na kwamba bila risiti halali gharama hiyo haihesabiki kwenye vitabu vyake. Risiti ikatoka. Dhamana ya miezi mitatu iliandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi, na nikaomba iwekwe mhuri. Kwa fedha iliyobaki alinunua diski ya nje na kilinzi cha umeme cha soketi, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo, na hicho ndicho kinachoua chaji nyingi huku kwetu.

Mashine yake ya zamani, ya kizazi cha sita, hatukuitupa. Kwenye meza yangu tuliiwekea Linux Mint, mfumo usiolipiwa ambao hauulizi TPM wala kizazi, tukaipa SSD ndogo, na sasa inatumiwa na karani wa chama, binti anayeingiza taarifa za wanachama kwenye MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika, ambao kwake ni ukurasa tu wa kufungua kwa kivinjari. Aliogopa siku ya kwanza kwa sababu vitufe havikuwa mahali alipovizoea. Wiki iliyofuata alikuja kuniuliza namna ya kuweka kalamu ya rangi kwenye safu za hesabu, nikajua ameshazoea.

Mtoto wa kaka yangu ameshapata wateja wa kwanza, wenye maduka wa Rau na mama mmoja mfuga nguruwe huku kwetu. Mashine yake ina kipande kimoja cha RAM cha GB 8 na nafasi ya pili iko wazi. Fundi amesema atamtafutia cha aina ile ile akienda Dar kufuata mzigo mwezi ujao.